Mama Ok Bun-rye, Sasa Narae Amekuzika

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu asubuhi ile ulipoinuka kwenye cherehani kuchemsha maji ya kahawa, na hukurudi kukaa. Sketi ya shule ilibaki chini ya sindano, pindo limeshonwa nusu. Muuza tofu wa kibanda cha jirani ndiye aliyekukuta sakafuni, birika limeshazima lenyewe. Mpaka leo nikisikia birika likizima, moyo unaniruka.

Watu wanatuambia mwaka unatosha kuzoea. Hautoshi. Bado tumeduwaa.

Miaka thelathini na minane ulikata na kushusha sare za wasichana wa shule za mji wetu wa Jinju. Walikuja wakitaka sketi fupi, ukawafupishia upana wa vidole viwili, na kitambaa kilichobaki ukakikunjia ndani. "Mama yake akija na mdomo, nitaishusha," ulikuwa ukisema. Ulikunywa kahawa ya pakiti mara tatu kwa siku, katika kikombe cha karatasi ulichokiosha na kukitumia wiki nzima. Mwenye sketi ile ya mwisho alikuja kuichukua vilevile. Tulimwambia tutampelekea kwa fundi mwingine aimalize. Alikataa.

Nilipoolewa, nikiwa na stashahada yangu ya usafi wa meno na maneno mengi, ulimwambia mwanao Du-sik, "Huyu anatisha kidogo, lakini anafika kwa wakati." Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.

Sasa niseme lililonileta. Mwaka jana tuliwaomba watu wa soko zima watusaidie kudanganya. Basi na ukweli wausome hapa, wote.

Ulifariki siku tisa kabla ya mjukuu wako Narae kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kila nyumba yenye mtoto wa kidato cha mwisho inaujua mwiko wake: supu ya mwani haipikwi, maana mwani unateleza na mtoto asije akateleza nao. Ugomvi hakuna. Msiba hakuna. Mtu akifa, mtoto haambiwi mpaka aweke kalamu chini.

Uamuzi ulikuwa wangu. Du-sik alikuwa ameegemea ukuta wa hospitali kama mtu aliyesahau kazi ya miguu. Nikamwambia, "Baba Narae, mtoto asijue."

"Bibi yake ndiye aliyemlea."

"Ndiyo maana asijue."

Tukamwambia Narae umekwenda kwa dada yako, mjini Tongyeong, kumsaidia kutia chumvi kabichi za majira ya baridi. Siku tatu za mazishi, mwanao alivua nguo za msiba kwenye maegesho ya magari kila jioni, akavaa shati la kazini, akaingia nyumbani akiuliza kuna chakula gani. Siku ya tatu tukakuzika. Mjukuu wako alikuwa maktaba.

Na simu yako ilikuwa mkobani mwangu. Narae alikutumia ujumbe mchana, nami nikajibu kwa jina lako. "Kula vizuri." "Vaa soksi." Siku moja akaandika, "Bibi, kile tulichokubaliana tusiseme, kimepoa?" Nilidhani ni kidole chako ulichokiunguza kwa pasi. Nikajibu, "Kimepoa. Soma."

Siku ya mtihani nilimngoja lango la mbele. Alitoka la nyuma, akakimbilia sokoni kukupa habari. Alikuta mlango wa duka umeshushwa, maua meupe yameegemezwa chini, na vikaratasi vya wasichana wa shule vimebandikwa juu yake. Muuza tofu akamwambia kwa pumzi moja, "Pole sana, mjukuu. Mtihani ulikuwa mgumu?"

Aliingia nyumbani na viatu. Narae, ambaye ulimfundisha kuvua viatu kabla hajajua kutembea vizuri, alisimama katikati ya jiko langu na viatu miguuni, akanisomea ujumbe mmoja baada ya mwingine.

"'Vaa soksi.' Nani huyu aliyeniambia nivae soksi, Mama?"

Hakusema tena miezi miwili. Fomu za vyuo hakuzijaza. Nilimwekea chakula mlangoni kama paka, na asubuhi nikaokota sahani. Dawa ya jino linalouma ninaijua, linang'olewa. Hili sikujua linashikwa wapi.

Mwanao, Mama, yule ambaye hukumtegemea hata kuchagua soksi, ndiye aliyeamua. "Jumamosi saa nne asubuhi tunakwenda kwa mshauri wa familia, sote watatu. Nimeshaandikisha."

Nikasema, "Mwenye tatizo ni Narae, sisi tunakwenda kufanya nini?"

Akasema, "Kwani wewe unalala?"

Mshauri anaitwa Bi Noh, mfupi, kavaa raba. Nilimweleza kila kitu kwa dakika kumi na moja, kwa mpangilio. Akashukuru, kisha akamgeukia Narae: "Usiku unalala vizuri?"

"Halali," nikajibu.

"Mama Narae, swali hilo lilikuwa la Narae."

"Hasemi siku hizi."

"Hajapata nafasi."

Du-sik alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika familia yako tangu ulipoondoka, na kilikuwa cha kunicheka mimi.

Nilikwenda pale nikingoja hukumu. Bi Noh akasema hakimu tuliyenaye nyumbani anatosha, na sote tukajua anamsema nani. Yeye aliuliza jambo moja, kisha akamwuliza kila mmoja kwa zamu. Narae akifunga mlango, wewe hufanya nini? Nikasema nagonga. Du-sik akasema anaongeza sauti ya televisheni.

Narae akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika, "Nasikia vyote viwili. Televisheni ikipanda najua Baba analia."

Du-sik aligeuka kama aliyepigwa kofi. Miezi miwili alijiona amejificha.

Tuliporudi mara ya nne tulikuta viti vinne. Bi Noh alisema cha nne ni chako, kila mmoja akuambie lililomkaa. Mwanao alitoa mfukoni futi yako ya kupimia, ile ya manjano iliyofutika namba, akaiweka juu ya kiti. Alitaka kusema, akashindwa, akaachwa ashindwe. Mimi nilisema, "Mama, niliandika kwa jina lako." Maneno matano tu, na jasho lilinitoka.

Narae alikigeukia kiti. Kisha akasema, "Bibi, ulisema baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani nini?" nikauliza. Bi Noh akaninyooshea kiganja: ngoja.

Ndipo tukasikia, Mama. Wiki tatu kabla ya kufa ulishika kifua nyuma ya pazia la kupimia nguo, ukakaa chini, na Narae akakuona. Ukamwapisha. "Mama yako akijua atanifungia duka, na wewe utafunga vitabu kunilinda. Nitakwenda hospitali ukishamaliza mtihani. Mdomo wako uwe kama mfuko ulioshonwa." Akashona. Na alipouliza kama kimepoa, mimi, kwa simu yako, nikamwambia kimepoa.

"Nimemuua mimi," Narae akasema. "Nilinyamaza."

Kutwa nzima natazama ndani ya midomo ya watu, na hili lilikuwa ndani ya mdomo wa mwanangu mezani kwangu. Nilimtazama Bi Noh anipe jibu. Hakunipa. Alisimama, akakivuta kiti changu nikiwa nimekikalia, akakigeuza mpaka magoti yangu yakagusana na ya Narae, kisha akarudi kukaa.

Nikasema lililokuwapo. "Hukumuua. Ungeniambia, ningemkokota hospitali, halafu ningekudanganya kwamba yuko Tongyeong. Wewe ulinificha mimi, mimi nikakuficha wewe, na yeye alituficha wote. Mtihani mmoja, Narae. Tumeupigia magoti nyumba nzima."

Alilia mpaka akatoka kamasi, na mimi nikafuta kwa mkono kama alipokuwa mdogo. Baba yake alimshika bega na hakutafuta televisheni.

Nilikukasirikia, Mama, na nitakuambia usoni kwa kuwa ndivyo tunavyofanya sasa. Ulikosea. Nami nilikosea zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa mzima na nilikuwa na wakati wa kufikiri.

Tulikwenda kwa Bi Noh miezi minane. Isidhaniwe ni uganga. Alitupa kazi ya nyumbani: mlo mmoja kwa siku, sote mezani, dakika kumi bila kutaja masomo. Siku ya kwanza maneno yalituishia dakika ya pili, tukala kimya na kutazama saa. Narae bado anabamiza milango. Mimi bado namjibia maswali, ila siku hizi anainua kidole na kusema, "La kwangu hilo."

Na aliulizwa anataka nini. Akasema, "Nyinyi mlimzika. Mimi sikumzika."

Basi tukakubaliana tambiko la mwaka wako liwe mazishi ya Narae. Lakini mwaka huu anarudia mtihani, na siku yako imeangukia siku nane tu kabla. Wiki iliyopita binti yako Gi-sun alinipigia simu. "Wifi, mtoto ana mtihani. Tulisogeze mbele tambiko, au tumwambie ni chakula cha kawaida tu."

Nakiri, Mama: ulimi wangu ulikuwa umeshasema, "Kweli, wifi..." Narae alikuwa karibu yangu anakwangua figili. Alisikia. Hakuinua kichwa, ila kikwangulio kilisimama.

Nikamgeukia. "Narae, shangazi yako anasema tuahirishe kwa ajili ya mtihani. Swali ni lako."

Akaichukua simu kwa mkono wenye figili. "Shangazi, njoo siku ileile. Lete pea, kubwa."

Jana jioni tulikuandalia meza. Samaki upande wa mashariki, nyama magharibi, kama ulivyotufokea miaka yote. Narae alivaa nguo nyeusi za msiba ambazo mwaka jana hazikukodiwa kwa ajili yake. Kisha akaweka katikati ya meza kahawa ya pakiti katika kikombe cha karatasi.

"Kahawa ya pakiti kwenye tambiko?" Gi-sun akang'aka. "Mababu watasemaje?"

"Dada, alikunywa tatu kwa siku," Du-sik akasema. "Leo ndiyo ataikataa?"

"Basi angalau kikombe kiwe kipya."

"Akikiona kipya atajua si chake," Narae akasema, na shangazi yake akacheka huku akijifuta macho.

Alitangulia yeye, sisi nyuma. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, mara mbili. Mara ya pili hakuinuka. Tulingoja. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemjibia. Kisha tukamsikia akisema na sakafu, "Bibi, nimewaambia."

Basi.

Ndugu wa sokoni, tunawafungua kutoka uongo tuliowabebesha. Mkikutana na Narae, mtajeni bibi yake kwa sauti.

Mtihani ni wiki ijayo. Ameomba siku hiyo asubuhi nimpikie supu ya mwani, kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukimpikia akiumwa. Nimeshauloweka mwani kidogo leo, kujaribu. Umeniteleza mkononi mara mbili, lakini nitaipika.

Tunakukumbuka sisi: mwanao Pyo Du-sik, binti yako Pyo Gi-sun, mjukuu wako Pyo Narae aliyekuzika jana, nami mkaza mwanao, Yeom Jin-suk, ambaye safari hii nimefika kwa wakati.

Hutatutoka moyoni, Mama, wala hatutanyamaza tena juu yako.