Kikao cha Dharura Kuhusu Chipsi Tulizokula Kakuma

CHAMA CHA WANAFUNZI WA LISHE, LODWAR

Tarehe: Ijumaa, 14 Machi 2025
Mahali: Darasa la mapishi, saa kumi jioni (tuliitwa saa tisa)

Waliohudhuria:
Kiprop – Mwenyekiti
Josiah – Mweka Hazina na mwagizaji wa vyakula
Makur – Mkalimani wa safari za Kakuma
Akuol – Mwanachama
Natasha – Katibu

Hakuwepo: Mike. Alituma ujumbe kwamba yuko njiani. Hakusema njia gani.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Makur aliongoza maombi. Alipofika mahali pa kushukuru kwa chakula, aliparuka.

KUMB. NA. 2/2025: SAFARI YA KAKUMA
Mwenyekiti alieleza kwamba safari ya mwezi uliopita ya kupima uzito wa watoto ilikwenda vizuri. Akuol aliomba kumkatiza. Alikumbusha kikao kwamba wanachama walinunua chipsi, kuku na soseji za smoki Lodwar, wakamalizia kula ndani ya gari mbele ya foleni ya akina mama kwenye kliniki ya Kakuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Josiah alisema yalifungwa kwa sababu ya vumbi. Katibu alikuwa ndani ya gari hilo na hakumbuki vumbi lolote.

Mtoto aitwaye Wol aliogopa mizani akalia. Kawaida ya chama ni kwamba mtoto akiogopa, kiongozi hupanda kwanza na mkalimani hutangaza uzito wake kwa sauti. Mwenyekiti alipanda, na Makur akatangaza kilo mia moja na tatu. Akina mama walipiga makofi. Mama Wol, ambaye ni shangazi yake Akuol, alimuuliza Makur kijana huyu hula nini, naye akataja alichokiona garini.

Josiah alitaka kujua kwa nini Makur alisema hayo. Makur alijibu: "Mama ameuliza, mimi nikajibu. Ulitaka nidanganye?"

KUMB. NA. 3/2025: HALI YA MTOTO WOL
Akuol alieleza kwamba alipigiwa simu kutoka nyumbani. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema: "Shangazi ameuza ile unga ya uji kliniki ilimpea. Kila jioni ananunulia Wol chipsi. Anasema wenye wanasomea chakula ndio wanakula hiyo, na mwenyekiti wao ameshiba hivyo. Sasa mtoto anaendesha tumbo, na mkono imerudi nyembamba."

Aibu ilikuwa ya wote, na kila mtu aliangalia meza.

Mwenyekiti aliuliza: "Kwani mimi ndio nilimwambia auze unga?" Akuol alimjibu kwamba hakumwambia, alionekana tu.

Wakati huo mlango uligongwa, zikaletwa chipsi za kikao. Josiah aliomba radhi kwamba aliagiza kabla ya kujua ajenda. Ajenda ilitumwa Jumatano. Mifuko iliwekwa mezani, na hakuna aliyeifungua.

Josiah alipendekeza bango lenye picha. Makur alipendekeza aende yeye akamweleze mama. Akuol alikataa yote mawili, kwa kuwa shangazi ameona kwa macho yake na hatashawishiwa na bango wala mkalimani.

Ndipo Mwenyekiti akaeleza jambo ambalo chama hakikulijua. Siku ile ya safari, daktari wa kliniki alimpima presha na sukari, zote zikawa juu, akaagizwa afike hospitali Lodwar bila kuchelewa. Hajaenda. Alisema ana miaka ishirini na tatu, na anaona haya kukaa foleni moja na wazee.

KUMB. NA. 4/2025: UAMUZI
Ilikubaliwa kwamba kesho asubuhi wote waende Kakuma bila chakula garini. Akuol na shangazi yake wampeleke Wol kliniki kwanza. Baadaye Mwenyekiti apande mizani tena mbele ya akina mama wale wale na aseme ukweli kwa kinywa chake. Jumatatu aende hospitali, na Josiah akae naye kwenye foleni.

Makur aliomba ayasikie maneno hayo mapema, asije akayapamba. Mwenyekiti alisimama, akasema akiangalia mifuko: "Mama Wol, hii kilo si afya. Mimi ni mgonjwa, na ile chakula uliona nikikula ndio inanimaliza. Nisamehe. Mpe Wol uji."

Akuol alijifuta machozi.

Katibu aliuliza kama iandikwe "mgonjwa" au "changamoto za kiafya". Mwenyekiti alisema: "Andika mgonjwa."

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Akuol alimwombea Wol, kisha akamwombea Mwenyekiti. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu. Chipsi zilibaki mezani zikiwa zimepoa.

Natasha, Katibu: .....................

Kiprop, Mwenyekiti: .....................
(Amesoma yote. Hakuomba kitu kifutwe.)