Spika ya Kushoto

Shoga uko? Niko nje ya duka.

Si nilikwambia nampeleka baba kuchagua spika ndogo za kuweka kwenye rafu pale sebuleni? Baba huyu huyu, fundi redio miaka thelathini, masikio ya mtaa mzima!

Muuzaji akawasha wimbo utoke spika ya kushoto peke yake. "Mzee, unaionaje?"

Baba akanyoosha kidole kulia. "Hii iko safi. Hiyo ya kushoto imekufa."

KULIA. Muuzaji akacheka, akadhani utani. Akarudia. Baba akaonyesha kulia tena, bila wasiwasi.

Nikasogea kwenye sikio lake la kushoto, nikamwita taratibu. Hakugeuka. Nikamwita tena. Wapi!

Nikamtoa nje. "Baba, tangu lini?"

"Mwaka juzi. Fundi redio kiziwi, nani atamletea kazi? Usimwambie mtu."

Sasa wewe, mama si aliondoka Januari hii, akisema amechoka kuongea na ukuta? Na sisi watoto tukamwita baba jeuri, mbele yake.

Unalikumbuka lile kochi lao. Mama alikuwa anakaa kushoto kwa baba.