Wanasema Jua Limetulia

Jumatatu, 3 Machi

Redio kimya tena. Taarifa ya kituo cha kuchunguza jua inasema jua limetulia, kwa hiyo mawasiliano ya redio ya mbali ni mazuri. Mazuri wapi? Nimeita mpaka koo limekauka — mteja wangu wa saluni, aliyekuwa chini ya draya ya nywele, akadhani namwita yeye. Kapteni, mwenyekiti wa chama chetu cha redio, anasema nibadilishe waya wa antena. Waya mzima. Nimeupima mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Jumamosi wananchi watasikilizwa: kituo kifungwe au kiendelee? Kapteni kanichagua nikitetee kwa niaba ya chama. Nikamweleza shemeji, mume wa dada, fundi wa hicho hicho kituo. Nilidhani atafurahi. Akauliza tu, lazima niwe mimi? Akainuka, chai hajaimaliza. Mtu anatetewa kibarua chake, ananuna? Hapa pana namna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kituoni. Kisingizio: kumpelekea shemeji dawa yake ya presha. Darubini imefunikwa turubai, na juu ya turubai ndege wamejenga kiota. Mitambo imepoa, haiwaki taa hata moja. Shemeji yuko mezani anaandika taarifa ya kesho.

“Jua unalionea wapi, shemeji?”

Akashusha kalamu. Kipuri kiliharibika mwaka jana, hakijaletwa. Wakubwa wamemwambia taarifa isikose. Basi anakadiria.

“Ukisema, watafunga kwa furaha. Ukinyamaza, huenda wakatununulia kipuri.”

Nikaondoka bila kuaga. Sijafika hata saluni, dada kapiga simu: nisimmwagie mumewe unga. Kumbe naye alijua! Akina nani wengine wanajua, wananitazama tu?

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbini. Naandika nikisubiri zamu. Pamejaa mpaka mlangoni, na karibu wote wako upande wetu. Ilipaswa nifurahi.

Rubani wa ndege ya wagonjwa kazungumza. Hawaruki kwenda mbali kabla ya kusoma taarifa ya jua. Ikisema redio itashika, wanapakia mgonjwa. Makofi. Mikono yangu imegoma. Shemeji yuko mstari wa mbele, shingo haigeuki.

Kapteni kaniinamia sikioni: nisifu umuhimu wa kituo, mambo ya mitambo niwaachie wenyewe.

Mambo gani ya mitambo? Sijamwambia mtu.

Wameniita. Dada, hapa kando yangu, ameshika upindo wa gauni langu. Haachii.