Mtoto aliponyamaza mgongoni

Kabatesi, hebu sikia yaliyompata mdogo wangu Mwiza.

Alikuwa anamlea mtoto wa jirani. Kampa kiazi, mtoto akakohoa, akamfunga mgongoni ambembeleze. Akanyamaza. Yani alinyamaza, na Mwiza akafurahi, akajua amelala.

Kumbe kiazi kimemkaba. Kumfungua tu, midomo ya bluu.

Akamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, akampiga mgongoni kama walivyofundishwa juzi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Kule walipiga mdoli. Bibi wa mtoto akatokea: "We Mwiza, unampiga mtoto mchanga?" Akamvuta amnyang'anye. Mwiza hakuachia. Akapiga tena, kiazi kikatoka, mtoto akalia.

Sasa mtoto amelala kweli. Mwiza anamwamsha kila mara, anataka kumsikia akilia.