Likizo ya Kumuaga Meneja

4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba huko jikoni hakuna aliyeungua. Mimi sijambo. Mguu hunisumbua asubuhi, ukishapata joto unatulia, na cherehani inakwenda. Asiyejiweza ni Meneja, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Simuni sikio langu linakula nusu ya maneno, na jambo hili sitaki ulipate nusu.

Tangu mwezi uliopita alikuwa anatafuna upande mmoja, mate yanamchuruzika. Nikadhani ni jino. Ni paka wa miaka kumi na sita, na hata mimi mwenyewe meno hayajabaki yote. Nikamtia kwenye kapu la vitambaa nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwenye foleni mzee mmoja mwenye mbuzi akaniuliza nimeleta nini. Nikamjibu nimemleta meneja wangu. Akasogea mbali kidogo.

Daktari ni mama wa makamo, mikono yake mipana, hana maneno mengi. Alimfungua mdomo, akampapasa taya, akampiga picha. Ni saratani, mwanangu, na imeshashika mfupa. Akaniambia wanaweza kumkata nusu ya taya, ila kwa umri wake huenda asiamke, na akiamka atalazimika kujifunza kula upya. Au apewe dawa ya maumivu, aishi maadamu kuishi kwake kuna raha, halafu achomwe sindano alale moja kwa moja. Nikamuuliza angekuwa paka wake angefanyaje. Akasema, "Ningempa dawa, na ningeamua mapema kidogo kuliko ninavyotaka."

Nimeamua hakatwi. Lakini wewe ndiye uliyemleta nyumbani ndani ya sweta ya shule, akiwa mdogo kama kibeti, basi ulistahili kujua kabla ya mtu mwingine.

Anakusalimu. Yuko hapa juu ya karatasi, namsukuma ili nitie sahihi.

Mama yako

13 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako imenikuta mzima wa mwili. Moyo ndio umevurugika. Pole na mguu. Ufunge kitambaa cha sufu kabla ya kulala, usinidanganye kwamba unafunga.

Mama, mbona umehukumu haraka hivi? Nimemuuliza daktari mmoja anayekula hapa kantini ya hospitali. Yeye ni wa watu, si wa paka, lakini kasema upasuaji wa taya unafanyika na wagonjwa wanaishi. Gharama niachie mimi. Mpeleke akakatwe. Huyu si kiraka cha nguo useme hakifai tena. Baba alipofariki ndiye aliyekaa na wewe kila jioni, mimi nikiwa mbali. Tumpe nafasi.

Kwa sasa asile vigumu. Chemsha samaki hadi nyama iachane na mwiba, ipembue kwa vidole kwa sababu uma hauoni miiba midogo, kisha iponde ndani ya supu yake mpaka iwe kama uji mzito. Mpe ikiwa vuguvugu. Wagonjwa wangu wasioweza kutafuna nawapikia hivyo hivyo, na wengi huomba waongezewe.

Naomba ufikirie tena.

Kitinda wako

21 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mguu nimefunga, sikudanganyi.

Uji wako wa samaki umempendeza. Ameramba sahani mpaka ikatembea sakafuni, kisha akapanda mezani akalala juu ya suruali ya mwalimu mkuu, ambayo ilikuwa tayari kwa pasi. Mwalimu mkuu kaondoka na manyoya ya paka. Anajua bosi ni nani hapa. Panya nao wameshajua anaumwa. Watu husema paka akiondoka panya hutawala, lakini wa kwetu wametawala na mwenyewe yupo anawatazama.

Sasa nisikilize. Umeniambia nimehukumu haraka. Sikuhukumu haraka, nimehukumu nikiwa karibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe unamkumbuka Meneja akiruka kutoka dirishani hadi juu ya kabati. Mimi ninamwona akitazama kiti, akipima, kisha akizunguka kutafuta njia fupi. Nilirudi kwa daktari nikamuuliza maswali yako yote, moja baada ya jingine, hata lile la yule daktari wako wa kantini. Akanijibu kwa subira. Mgonjwa mtu unamweleza kwa nini anaumia, naye anavumilia kwa sababu anajua kuna kesho. Paka hana wa kumweleza. Yeye ataamka na kuona tu kwamba tumemuumiza.

Dawa anapata asubuhi na jioni, na inamsaidia. Bado ananawa uso. Bado akisikia mteja wa kwanza anakwenda mlangoni kumkagua. Siku atakapoacha hayo nitajua, na sitahitaji kuambiwa.

Usinione nina moyo wa jiwe. Mkononi nina mkasi tangu ujana, najua kwamba kitambaa kinachokatwa kwa woga huharibika zaidi.

Mama yako

30 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo, na Meneja kaamka vizuri. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena kwenye basi. Habari ya kumkata nimeiacha. Umeshinda, na sisemi kwa hasira.

Nina ombi moja tu. Nimeomba likizo. Mkuu wa jikoni alinuna, akauliza nani amekufa, nikamwambia hajafa bado, na ni paka. Mwishowe akakubali kuanzia katikati ya Mei. Kabla ya hapo haiwezekani, wenzangu wawili wako likizo.

Nisubiri, mama. Mwongezee dawa kama daktari ataruhusu, mpe uji, mlaze kwenye joto. Nataka siku hiyo nimshike mimi. Mimi nilimleta, mimi nimtoe. Usimpeleke kabla sijafika.

Kitinda wako

16 Aprili

Mwanangu Kitinda,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Sikukusubiri. Meneja ametuacha jana asubuhi.

Wiki iliyopita aliacha kunawa uso. Nikamfuta mimi kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akaniruhusu, na hilo peke yake lilinitisha kwa sababu hajawahi kumruhusu mtu. Kisha akaacha kwenda mlangoni. Daktari akaongeza dawa kama ulivyotaka. Siku mbili akapata nafuu, halafu taya likavimba akashindwa kufunga mdomo. Juzi nikampikia uji wako, samaki mzuri, nikampelekea kwenye kidole. Akanusa. Akanitazama. Akageuza uso ukutani.

Nikamwita daktari aje dukani, nisimtie kwenye kapu akatetemeka njia nzima. Alikuja na mabuti yake ya matope, akayavua mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimegeuza kibao cha duka kusema tumefunga. Tulimlaza juu ya meza ya kukatia, pale jua linapoingia, juu ya koti la marehemu baba yako. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Nilimshika kichwa kwa kiganja hiki, upande usiouma. Akakoroma kile kikoromo chake, kidogo, kama cherehani inayozungushwa kwa mkono. Daktari akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia, "Yeye yuko tayari. Wewe fanya." Sindano ya pili sikuona hata ilipoingia. Kikoromo kilikuwepo, kisha hakikuwepo.

Nimemzika nyuma ya duka, chini ya ukuta, mahali alipozoea kuota jua.

Utauliza kwa nini sikukupigia simu. Kwa sababu ungesema, mama, subiri kidogo tu, na mimi nisingeweza kuikatalia sauti yako. Angeumia mwezi mzima ili sisi wawili tupate kuagana naye vizuri. Lawama nipe, nitaipokea. Lakini ingekuwa kesho, ningefanya vile vile.

Nililia baada ya daktari kuondoka. Nakuambia ili usidhani nililia peke yangu kwa aibu. Nililia kwa sauti, jirani akaja na chai.

Mama yako

4 Mei

Mwanangu Kitinda,

Habari za huko? Sijapata barua yako, na simu yako inaita tu. Sikulazimishi. Ukiwa na hasira, kaa nayo mpaka iishe, hasira yako haijawahi kunifukuza.

Wateja wanamwulizia Meneja. Nawaambia amestaafu. Mwalimu mkuu aliposikia aliketi kwenye kiti cha wateja, kisha akaomba aoneshwe alipozikwa.

Jioni ndiyo ndefu kidogo. Saa nyingine zote ninazimudu.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Samahani kwa ukimya. Nilikuwa na hasira kweli, na sikutaka kukuandikia nayo.

Wiki ya kwanza nilipika nikivunja vyombo. Nilimwambia kila mtu kwamba mama yangu kaninyima haki yangu. Kisha juzi nilikuwa zamu ya kupokea sinia zinazorudi kutoka wodini. Kazi hii nimeifanya miaka, mama. Sinia ikirudi imejaa siku moja, tunabadilisha chakula. Ikirudi imejaa na mgonjwa hakuuliza hata kilichopikwa, mimi na wenzangu tunajua hana siku nyingi. Nikiwa nimeshika sinia kama hiyo nikakumbuka ulivyoandika: akanusa, akanitazama, akageuza uso. Ningekuwa hapo, ningeona kile kile ulichoona. Na bado ningekuambia tusubiri. Basi ni heri ulikuwa wewe.

Ulifanya vizuri. Nimeandika kwa wino ili isifutike. Na mshukuru daktari kwa kuvua mabuti.

Leo mkuu wa jikoni aliniita. Akaniuliza kama bado naihitaji likizo, maana paka ameshakufa na watu ni wachache. Nikamwambia mama yangu yuko hai.

Usijibu barua hii, jibu halitanikuta, nitakuwa njiani.

Kitinda wako