Kimanda cha Bibi wa Kitaliani

Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila moyo haujatulia tangu juzi. Magoti yako yanaendeleaje? Na mke wangu Kabula, mimba yake anaibebaje? Mwalimu anayekusomea barua hii namwomba asiruke neno.

Unajua napika kwa fundi wa mashine hapa mgodini, Mtaliani. Mke wake alikuja akiwa mjamzito. Siku ya kwanza aliniagiza kimanda cha kwao: mayai manne, mchicha, vitunguu na nyanya, vyote vikaangwe pamoja kama mkate mnene. Nikapika. Bwana nikampa kimanda, bibi nikampa mchicha mtupu, maana nimelelewa na wewe.

"Changu kiko wapi?" akaniuliza.

"Bibi, wewe una mimba. Ukila mayai mtoto atazaliwa kipara."

Akavuta sahani ya mumewe, akala mbele yangu. Niliogopa, nikijua mtoto akipata dosari atakayeulizwa ni mpishi. Akala hivyo miezi mitatu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alinieleza kwamba yai hujenga nyama ya mtoto, na mchicha huongeza damu ya mama. Nikawa naitikia "ndiyo, bibi" huku nacheka moyoni.

Juzi kajifungua. Mama, nimeshtuka. Mtoto ana nywele hadi shingoni, na bibi mwenyewe leo kaja jikoni kunigombeza kwa sababu ya chumvi.

Nikamkumbuka Kabula mwaka jana na ile mimba nyingine, viganja vyeupe, mganga wa hospitali akituambia damu imemwishia. Na lile yai alilotaka kula nilimnyang'anya mimi mwenyewe mkononi, wewe ukanisifu. Naona aibu kubwa.

Nakupigia magoti, Mama. Mayai ya kuku wetu usimpe mgeni, mpe Kabula, ayakaange na mchicha au majani ya kunde. Hapo nyumbani Didia hakuna kinachokosekana ila ruhusa yako.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi mkunga, umwambie asinikasirikie. Kabula mwambie namwomba radhi, na umwambie mbele ya watu.

Mtoto akizaliwa kipara, nitamlea na kipara chake. Yule tuliyemzika mwaka jana alikuwa na nywele tele.

Mwanao,
Masanja