Nilifika Alfajiri ya Ndoa ya Binti Yangu

Mpendwa Shangazi Oktavia,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu kila niliyemsimulia jambo hili hapa Makambako ameishia kucheka, na mimi sicheki, huu ni mwezi wa kumi sasa naishi na donge kifuani ambalo sijui nilitoeje. Naitwa Bashiru, nina miaka sitini na moja, nimeendesha malori miaka ishirini na sita, Tunduma, Songea, Lubumbashi, kote nimepita, na sasa nina malori yangu mawili yanayobeba viazi na mahindi kutoka Mdandu na Igwachanya kupeleka Dar es Salaam. Nimejaliwa mabinti wawili. Mkubwa ni Zamda, ameolewa hapa hapa mjini. Mdogo ni Rehana, ambaye alikwenda Australia kusomea uuguzi, akapata kazi katika mji wa Melbourne, na huko huko akampata kijana wa Kizanzibari anayeitwa Miraji.

Nisikufiche, mwanzoni Miraji sikumtaka. Nilikuwa nimeshazungumza na msafirishaji mwenzangu kuhusu mwanawe, tukaona tumeelewana, kumbe mwenye kuolewa hajaulizwa. Rehana alilia kwenye simu, mama yake alininunia wiki mbili nzima, mwishowe nikakubali, na nilipokubali nilikubali kwa moyo, naomba wewe uniamini hapo kwa sababu Rehana haniamini. Nikasema tena kwamba sitampa mtu mwingine uwakala wa kumwoza binti yangu, walii ni mimi, nitakwenda mwenyewe nimwoze kwa mdomo wangu. Rehana alifurahi sana siku ile. Mama yake hakuweza kusafiri kwa sababu ya mguu, kwa hiyo upande wetu nilikuwa naenda peke yangu.

Tiketi nilikata Njombe mjini, kwenye ofisi ya binti mmoja anaitwa Judith.

"Kamwene, mzee Bashiru," akanikaribisha, akafungua kompyuta yake, akaniambia kuna safari mbili. Ya kwanza inaondoka Dar Jumatano mchana na kufika Melbourne Alhamisi jioni. Ya pili inaondoka usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, inafika Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Ndoa ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo saa tano asubuhi.

"Mzee, chukua ya Jumatano," Judith akasema. "Watu wa Melbourne wametutangulia saa saba. Ukilala kule mara mbili mwili utazoea."

"Mwanangu, mimi nimekaa barabarani kabla hujazaliwa," nikamjibu. "Safari nzuri ni ile inayokufikisha alfajiri. Unaoga, unapiga chai, unafanya shughuli yako, jioni ndiyo unalala. Kufika jioni ni kwenda kulala bure kwenye nyumba za watu."

"Lakini ndege siyo basi, mzee."

"Tofauti ni nauli tu."

Wateja waliokuwa pale wakacheka, nami nikaona nimesema la maana sana.

Shangazi, ndivyo tunavyosafiri sisi watu wa Makambako. Mfanyabiashara anapanda basi la usiku, alfajiri yuko Kariakoo, saa mbili amefungua mkoba ananunua, hajalipa gesti, hajapoteza siku. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kujutia. Halafu viazi vilikuwa vinatoka, magari yana mzigo, na niliona pia si heshima baba wa bibi harusi kwenda kukaa siku mbili karibu na wakwe kabla hata ndoa haijafungwa. Rehana alinipigia akasema, "Baba, njoo Alhamisi, mimi Ijumaa nimeomba ruhusa kazini," nikamwambia asipoteze ruhusa yake, tutaonana Jumamosi.

Basi nikatoka Makambako Alhamisi asubuhi kwa basi, nikafika Dar jioni, nikaenda moja kwa moja uwanja wa ndege, tukaruka saa saba usiku. Sikulala. Dereva wa zamani halali chombo kikiendeshwa na mtu mwingine. Asubuhi tukabadilisha ndege Arabuni, tukaruka tena kutwa nzima, na mimi nimekodolea macho ile ramani ya kwenye kioo mbele ya kiti nikihesabu nchi. Nilipotua Melbourne nilikuwa mzima kabisa, Rehana na Miraji wamenipokea, nikawachekesha njia nzima mpaka nyumba aliyopanga Rehana. Nikaoga, nikaswali, nikavaa kanzu mpya. Rehana akaniletea chai na chapati chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kunieleza jambo fulani taratibu, na mpaka leo sikumbuki alikuwa ananieleza nini. Nakumbuka tu kwamba alipotoka nilifunga mlango kwa ufunguo, kwa mazoea ya gesti, nikasema nijinyooshe dakika tano.

Nilipozinduka Miraji amesimama juu yangu na mwenye nyumba aliyekuja na ufunguo wa akiba. Nikamuuliza, "Tumefika Mafinga?" Akasema, "Baba, ni ndoa. Watu wako msikitini wanatusubiri."

Msikitini nikaketishwa kwenye zulia laini, sheikh akaanza hotuba, nami kope zikawa nzito kama magunia. Nikaguswa bega. Nikaambiwa nishike mkono wa Miraji na niseme maneno. Nikasema, "Nimekuoza binti yangu Zamda." Sheikh akaniambia nirudie, nikarudia, nikasema Zamda tena. Rehana alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Mzee mmoja wa upande wa Miraji akauliza, "Huyu amekunywa nini?" Mimi, ambaye sijaionja tangu nizaliwe. Sheikh akaniuliza kwa upole kama nampa uwakala, nikasema ndiyo, akamwoza yeye. Wakati binti yangu anaolewa mimi nilikuwa nimeegemea nguzo nakoroma. Nimejiona kwenye video.

Siku nne zilizobaki zilikuwa usiku macho, mchana usingizi. Rehana alinihudumia kila kitu bila kunitazama usoni. Siku ya kuondoka akasema, "Baba, kama ulikuwa bado humtaki Miraji ungeniambia tu." Nikamweleza habari za ndege, na saa saba za tofauti, na jinsi mtu yeyote ingemtokea, akanijibu, "Sawa, baba." Tangu hapo ujumbe wangu anausoma, hajibu.

Sasa ni mjamzito, mwezi ujao anajifungua. Amemtumia mama yake tiketi akakae naye siku arobaini. Mimi hakunitaja. Nimeamua nikate tiketi yangu nimfuate mama yake bila kumwambia Rehana, nimshtukize, akiniona mlangoni atalia na mambo yataisha, na ninachokuomba wewe msomi ni uniambie nipande ndege ya saa ngapi na nifike saa ngapi ili safari hii nisimame mbele ya mwanangu nikiwa na akili zangu. Nisaidie, Shangazi, najuta mpaka chakula hakipiti.

Bashiru, Makambako

SHANGAZI OKTAVIA ANAJIBU

Baba Zamda, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili sikucheka hata mimi niliyecheka mara ya kwanza, pale Mafinga. Sasa vumilia, maana pole imeisha.

Saa tano asubuhi ya Melbourne siku ile ilikuwa saa kumi usiku ya Makambako. Hebu nieleze wewe mwenye miaka ishirini na sita kwenye usukani, saa kumi usiku barabarani ni saa ya nini? Unajua kuliko mimi. Ni saa ambayo lori linaacha lami kwenye barabara iliyonyooka, tairi halijapasuka, breki hazijakatika. Dereva wako angekuja kukuambia, bosi, sijalala tangu juzi, nipe gari nishuke nalo mteremko wa Kitonga saa kumi usiku, ungemnyang'anya funguo na pengine na kazi. Wewe ulimpa gari mzee wa miaka sitini, na abiria alikuwa ndoa ya mwanao. Umesahau ujuzi wako mwenyewe kwa sababu nje kulikuwa na jua.

Judith alikuambia ndege siyo basi, ukamfanyia mzaha mbele za watu. Kutoka Makambako mpaka Kariakoo jua ni lile lile, ukifika alfajiri hata mwili wako unajua ni alfajiri. Ukienda mashariki kiasi kile unakuwa umekatiwa usiku mzima, na mwili hauna habari. Nenda Njombe kamwombe yule binti radhi. Peleka na mahindi mabichi.

Kuhusu saa, nimemuuliza mpwa wangu Silvesta, anayehangaika na maparachichi yetu na huenda Uchina mara mbili kwa mwaka. Anasema hivi. Kuelekea mashariki, tafuta ndege inayokufikisha jioni, ule na wenyeji, ulale wakilala wao. Ndege ile ya Jumatano ndiyo iliyokuwa yako. Ukiingia ndani, saa yako ya mkononi isogeze mbele ifuate saa za huko unakokwenda, na kukiwa usiku kule funika macho ulale, achana na ramani, rubani hakuhitaji. Kahawa acha mapema. Wiki moja kabla, anza kulala saa mbili usiku na kuamka saa tisa, wewe unaswali haitakushinda. Usishuke kwenye basi na kupanda ndege siku hiyo hiyo, lala Dar hata kama gesti inakuuma. Ukifika, asubuhi toka nje upigwe na jua, na mchana usilale zaidi ya nusu saa. Jambo lolote kubwa usiliweke ndani ya siku tatu za kwanza, na usijishangae ukichukua wiki nzima kuwa sawa. Wakati wa kurudi ni rahisi kidogo, jikaze tu usilale mpaka baada ya isha. Haya yote mwandikie mama Zamda kwenye karatasi, maana msafiri ni yeye, tena yeye ana mguu, mwambie ainuke atembee ndani ya ndege kila baada ya muda.

Ndiyo, msafiri ni yeye. Wewe huendi.

Nimetafuta katika barua yako mahali ulipomwambia Rehana samahani, sijapaona. Umemweleza ndege, umemweleza saa saba, umemweleza kwamba yeyote ingemtokea. Hayo ni maelezo ya kumpa trafiki. Mtoto alikuwa anakuuliza swali moja tu, kama ulimkubali mumewe, na wewe ukamjibu kwa ratiba. Ulimkataa Miraji kwanza, hilo alilijua. Kisha ukalitaja jina la dada yake mara mbili kwenye kipaza sauti. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Lakini naona hata hilo si lililomuuma zaidi. Alikuomba ufike Alhamisi. Aliomba ruhusa kazini Ijumaa. Hakuwa anafikiria usingizi wako, Bashiru. Alikuwa binti wa watu ugenini, mama hayupo, dada hayupo, alitaka siku moja na baba yake kabla hajawa mke wa mtu. Ukamwambia asipoteze ruhusa yake. Jumamosi asubuhi akakuletea chai, akaketi kitandani, akaanza kukuambia hilo alilokuwa amekuwekea Ijumaa nzima, na wewe hukumbuki. Viazi vya Mdandu vilipata nafasi kwenye ratiba yako, yeye akapata dakika za chapati.

Sasa fanya hivi, na uifanye wiki hii kabla mama yake hajaondoka. Usitume ujumbe wa maandishi. Rekodi sauti yako, fupi, asubuhi ukiwa umelala vizuri. Mwambie: Rehana, uliniomba siku mbili, nikakupa asubuhi moja, nayo nikailala. Kosa ni langu, si la ndege. Miraji nimempokea. Kile ulichokuwa unaniambia siku ile sikukisikia, na ningependa kukisikia siku utakayotaka. Kisha nyamaza. Usitaje saa saba. Usimwagize Zamda akusemee. Mpigie Miraji naye, yeye alikuita baba ukiwa umelala na mlango umeufunga, mwambie ahsante.

Kumshtukiza futa kabisa. Mzazi mwenye kichanga cha siku tatu hahitaji mgeni mlangoni anayetaka kuliliwa. Umeshafika kwake mara moja kwa saa uliyoipenda wewe, na matokeo umeyaona kwenye video.

Mpeleke mkeo mpaka uwanja wa ndege, mbebee mabegi, rudi Makambako ukaendelee na magari yako, simu iwe na chaji. Inawezekana itakaa kimya siku zote arobaini. Na akikupigia akakuambia, baba, njoo, usimtajie ndege yoyote. Muulize ni siku gani angependa ufike, na siku hiyo ufike.